Muulize Mwalimu: Nusu Dakika kwa Kila Mtoto

SWALI

Madam, salamu kutoka Kakamega. Mimi ni mwanafunzi wa stashahada ya ualimu wa shule za msingi katika chuo kimoja hapa magharibi, na muhula ujao tunaenda TP, yaani mazoezi ya kufundisha shuleni. Mhadhiri ametuagiza tuandike kurasa mbili kuhusu mambo tunayoyaamini kama walimu watarajiwa. Zangu zinaanza hivi: "Ninaamini kwamba kila mtoto anaweza kujifunza. Mwanafunzi ndiye kitovu cha darasa langu. Darasa langu litakuwa jumuishi na litampokea kila mtoto bila kujali hali yake." Rasimu hiyo ilinipa alama nzuri.

Kisha tukatumwa kutazama masomo katika shule moja. Gredi ya 5 ina watoto 70, madawati hayatoshi, na mvulana mmoja mwenye ualbino amekaa nyuma kabisa kando ya dirisha, anaandika kile anachonong'onezewa na jirani yake. Nilipomgusia mwalimu wa darasa habari za kitovu akacheka, wala si kwa ubaya, akaniambia, "Hayo utayaacha langoni kwa bawabu." Tangu siku hiyo nikizisoma kurasa zangu naona kama naandika uongo. Nizifute? Au niwape wahadhiri wanachotaka kusoma, halafu nikafundishe kama kila mtu?

Mwalimu Mtarajiwa, Kakamega

JIBU

Usizifute, Mwalimu. Nakuita hivyo mapema ili uzoee. Ila sentensi zako tatu hazijaniambia lolote kukuhusu. Nilipokuwa mwalimu mkuu nilizisoma hizo hizo kwenye barua za kuomba kazi, na baadhi ya waliozitia sahihi niliwakuta baadaye wakimfinya mtoto sikio, miaka mingi baada ya kiboko kupigwa marufuku shuleni mwaka 2001. Imani ya mwalimu huwa naitafuta darasani: amesimama wapi, amemuuliza nani, amengoja kwa muda gani kabla ya kumrukia mwingine.

Tuanze na huyo mvulana wa dirishani, maana naona ndiye aliyekufanya uniandikie. Ualbino hauishii kwenye ngozi. Macho nayo hukosa rangi ya kuyakinga, kwa hivyo mwanga mkali huyaumiza. Wengi wao macho huchezacheza yenyewe, na kuona mbali hubaki shida hata wakivaa miwani. Mtoto kama huyo ukimweka kando ya dirisha linaloingiza jua la asubuhi, umemnyima ubao. Watu watakwambia umhamishie mbele. Sawa, lakini kwanza nenda wewe ukakae kwenye hilo dawati la mbele, ujikunje hadi kimo chake, uutazame ubao ukiwa hapo. Ubao uliochakaa hung'aa ukipigwa na jua na chaki ikapotea kabisa. Pengine dawati la mbele kulia halioni kitu na lile la safu ya pili katikati linaona kila herufi. Ukishampatia mahali, mruhusu avae kofia darasani hata kama kanuni za shule zinataka kofia zivuliwe. Mruhusu ainuke aende hadi ubaoni, asome, arudi, aende tena, bila kuomba ruhusa kila mara. Akikileta kitabu hadi puani, mwache. Hakiharibu macho, ndivyo anavyosoma. Nawe kila unachoandika ubaoni kitamke kwa sauti wakati ule ule unapokiandika.

Hilo la mwisho halitakugharimu hata ndururu, na halimfai yeye peke yake. Litamfaa aliyezibwa na kichwa cha mwenzake, na yule ambaye bado anahangaika kuunganisha silabi akiwa Gredi ya 5, nao utawakuta wengi kuliko ulivyoambiwa chuoni. Kwa hivyo pale ulipoandika kwamba utampokea mtoto "bila kujali hali yake", rekebisha. Ijali hali yake. Ijue vizuri, kisha upange darasa ukiikumbuka.

Kuhusu kitovu, tupige hesabu. Kipindi cha Gredi ya 5 ni dakika 35. Gawanya kwa watoto 70: kila mmoja ana nusu dakika yako, na hapo hujaita rejista, hujafuta ubao, hujamfukuza mbuzi aliyeingia. Ndiyo maana mwenzako alicheka. Hesabu hiyo anaijua hata kama hajawahi kuiandika. Wala haikuanza jana. Elimu ya msingi ilipofanywa bila malipo Januari 2003, watoto walimiminika shuleni na walimu tukabaki wale wale. Mwaka uliofuata hata Kimani Maruge, mzee wa miaka 84, akajiandikisha darasa la kwanza katika shule ya Kapkenduiywo kule Eldoret, akaja na kaptura na soksi ndefu kama wenzake. Anayekwambia zamani madarasa yalikuwa na watoto wa namna moja hakuwa anaangalia.

Ukidhani kwamba mwanafunzi kuwa kitovu maana yake ni wewe kumfikia kila mmoja wao, utakuwa umechoka kufikia Jumatano ya wiki ya kwanza, na Alhamisi utarudia ule wimbo wetu wa "Darasa, semeni baada yangu." Badala yake waambie wageukiane wawili wawili, kila mmoja amweleze mwenzake kwa dakika moja alivyolipata jibu. Dakika mbili zikiisha, wote 70 wamezungumza, na kila mmoja amepata maradufu ya fungu ambalo angelipata kwako kipindi kizima. Kelele zitakuwepo. Mwarifu mapema mwalimu wa chumba jirani, na naibu wa mwalimu mkuu pia, asije mbio na fimbo aliyokatazwa kuishika.

Makundi ya sita sita, kwa upande wangu, siyapendi sana, na najua wahadhiri wako watanikasirikia. Nimeyatazama mengi. Mmoja anaandika, mmoja anaamrisha, wanne wanahesabu boda boda barabarani, na mwalimu anajaza "kazi ya vikundi" kwenye andalio la somo akiamini ameutimiza mtaala wa umilisi. Mtoto mwenye ulemavu akiwa kwenye kundi kama hilo hupewa kazi ya kushika kalamu za rangi. Kundi hufanya kazi pale tu ambapo hakuna anayeweza kumaliza bila wenzake. Elliot Aronson, mwanasaikolojia wa Marekani, alikabiliana na jambo la namna hiyo mjini Austin, Texas, mwaka 1971, shule zilipochanganya watoto Weusi, Wazungu na wenye asili ya Meksiko, nao wakawa hawaivi chungu kimoja. Somo likakatwa vipande. Kila mtoto akapewa chake, akakaa kwanza na wenye kipande kama hicho wakakielewa, kisha akarudi kwenye kundi lake kuwafundisha. Mtoto ambaye hakuna aliyekuwa akimsikiliza sasa ana kitu wanachokihitaji ili wapite mtihani. Huku kwetu huhitaji hata mashine ya kunakili. Chukua ufahamu wa aya nne uliomo kitabuni, kila mmoja asome aya yake, kitabu kifungwe, wasimuliane. Shule yenye vitabu vichache hapo haipungukiwi na kitu.

Kisha jifunze kungoja. Mtafiti mwingine wa Marekani, Mary Budd Rowe, alionyesha katika miaka ya 1970 kwamba walimu wakishauliza swali hungoja kama sekunde moja tu. Wakingoja tatu au zaidi, majibu hurefuka na watoto wasiozoea kujibu huanza kujibu. Sekunde tatu ukiwa mbele ya darasa ni ndefu ajabu. Zihesabu kwa vidole nyuma ya mgongo. Mtoto anayelitoa swali kwenye Kiingereza, akalipeleka kwenye Lwisukha kichwani mwake, kisha akalirudisha jibu kwenye Kiingereza, anazihitaji zote. Mwenye kigugumizi anahitaji zaidi, na anahitaji usimmalizie neno.

Halafu kuna mvua. Uko Kakamega, huhitaji kuelezwa: saa nane mawingu, kabla kipindi cha mwisho hakijaisha mabati yanapigwa hadi hujisikii mwenyewe. Wanafunzi wa TP hukaa wakangoja ikatike. Mimi nilikuwa naipenda mvua hiyo, maana darasa zima lilikuwa limegeuka la watoto wasiosikia, na kila kitu kilichokuwa kikimfaa mmoja sasa kiliwafaa wote. Maagizo yako ubaoni. Mikono inaonyesha. Huzungumzi ukiwa umewapa mgongo. Wala huulizi "Mmeelewa?" ili waitikie "Ndiyo!", kwa sababu huwezi kuisikia hiyo ndiyo; unapita na kutazama madaftari. Andalia masomo yako ya alasiri hivyo, mvua inyeshe isinyeshe. Katika darasa la watoto 70 yumo ambaye masikio yake hutoa usaha kila mara, hasikii vizuri kwa wiki kadhaa, na kila mtu anamwita mkaidi. Huyo mwite kwa sauti ya chini akiwa amekupa mgongo. Asipogeuka, zungumza na mzazi aende naye zahanati, na hali ikiendelea apelekwe kituo cha EARC, yaani cha kuwapima watoto wenye mahitaji maalumu ya elimu, cha kaunti ndogo yenu. Vituo hivyo viko nchini tangu 1984 na bado nakutana na walimu wasiojua kilipo cha kwao.

Umeandika kwamba kila mtoto anaweza kujifunza. Mimi ningetaka pia kusikia kwamba kila mtoto amekuja na kitu anachokijua. Nilipokuwa nikifundisha Kisumu, si mbali na soko la Kibuye, nilikuwa na msichana ambaye hakuwahi kuinua mkono. Siku ya somo la vipimo nikaja na gorogoro, nikauliza kama mkebe huu ukijaa mahindi ni kilo mbili kweli. Wote wakaitikia ndiyo. Yule msichana akanyoosha mkono, si kujibu, kuomba mkebe. Akaugeuza, akapitisha kidole gumba chini ya kitako, akawaonyesha wenzake mahali kilipogongwa kikaingia ndani. "Hii ni ya kuuzia, madam," akasema. "Ya kununulia iko nyumbani." Kesho yake wakaleta mikebe, mizima na iliyogongwa, tukatumia kipindi kuijaza maji kwa chupa ya lita moja, wakaandika tofauti. Alama za mtihani wake hazikuruka mara moja, sitakudanganya, lakini kuanzia hapo watoto wa meza yake walimuuliza yeye kwanza kabla ya kuniuliza mimi.

Sasa jambo moja gumu, ambalo kurasa zako zimelikwepa. Mtoto kiziwi akiwekwa katika darasa ambalo hakuna hata mtu mmoja anayejua Lugha ya Ishara ya Kenya, yuko peke yake katikati ya watu 70. Kwa mtoto huyo, shule kama ya viziwi ya Nyang'oma kule Siaya, ambako lugha yake inazungumzwa hadi bwenini, inaweza kuwa bora kuliko ile iliyo karibu na boma lao. Katiba ya 2010, kifungu cha 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kusoma katika taasisi zilizojumuishwa kwenye jamii, kwa kadiri inayolingana na maslahi yake. Hayo maneno ya mwisho hayakuwekwa kama pambo. Mvulana wako wa dirishani, kwa upande mwingine, hahitaji kuhamishwa shule. Anahitaji kuhamishwa dawati. Mwalimu mzuri anajua kutofautisha hali hizi mbili, na anayeandika "jumuishi" bila kuzitofautisha atakuja kumkosea mmoja wao.

Usimdharau mwenzako aliyecheka. Mtazame wiki nzima. Huenda utakuta anamgawia mtoto fulani chai yake, au anajua ni nani hufika na njaa Jumatatu, au ndiye aliyemweka huyo jirani mnong'onezaji pale makusudi. Mwulize. Ikiwa ndiye, huyo mnong'onezaji tayari ni mwalimu msaidizi, unachobakiza ni kuwahamisha wote wawili pamoja.

Ukishika kalamu tena, ondoa "ninaamini" kila unapoweza na uandike utafanya nini Jumatatu saa mbili asubuhi. Na siku ya kujaza rekodi, usimwandikie mtoto "Kukaribia Matarajio" kabla hujajiuliza kama alikuwa anauona ubao.

SWALI

Mwalimu, mimi ni baba wa mtoto wa Gredi ya 2 hapa Nyalenda, Kisumu. Kila wiki tunaagizwa picha za kubandika: wanyama, magari, matunda. Nalipa saiba wachapishe kwa rangi, mke wangu anakata, mimi napaka gundi saa nne usiku, mtoto amelala. Hii ndiyo elimu inayomweka mwanafunzi katikati?

Baba Gredi ya 2, Kisumu

JIBU

Hapana, ndugu yangu. Hapo aliye katikati ni wewe na mwenye saiba. Mtoto achore samaki kwa penseli. Akitoka kama kiatu, apeleke hivyo hivyo. Mtaala unataka vifaa vinavyopatikana mazingira ya mtoto, na Nyalenda haikosi vizibo vya soda, mapande ya katoni na miiba ya samaki. Nenda umwone mwalimu wake, mwambie kwa heshima kwamba kazi itakayoletwa itakuwa ya mtoto mwenyewe na haitapendeza macho. Walimu wengi hufurahi kusikia hivyo. Hizo picha za rangi huwa zinatokana na wazazi kushindana.

SWALI

Nasomea ualimu katika chuo kikuu na niko TP katika sekondari ya msingi karibu na Njoro, Nakuru. Gredi ya 8 ina msichana mwenye kifafa. Akianguka wenzake wanakimbia, mwalimu mmoja humtia kijiko mdomoni, na sasa uongozi unasema "kwa usalama wake" abaki nyumbani hadi apone. Mimi ni mgeni hapa. Nifanye nini?

Mgeni wa TP, Njoro

JIBU

Kijiko kwanza: kisirudi tena. Hakuna anayemeza ulimi wake, na kijiko huvunja meno. Akianguka, sogeza madawati na vitu vigumu, mwekee sweta chini ya kichwa, legeza tai na kola, usimshike wala kumfunga, na mtetemeko ukipungua mlaze kwa ubavu. Tazama saa. Ukipita dakika tano, au mwingine ukaanza kabla hajapata fahamu, apelekwe hospitali. Asipewe maji hadi azinduke kabisa. Kifafa hakiambukizi, hata mate yake yakikugusa.

Hayo usiyaweke moyoni peke yako. Omba kipindi kimoja cha darasa lake, yeye mwenyewe akikubali na akitaka kuwepo, uwafundishe wote, na uwape kazi: wawili wa kusogeza madawati, mmoja wa kutazama saa, mmoja wa kuita mwalimu, mmoja wa kumwandikia yaliyompita. Watoto hukimbia kwa sababu hawana la kufanya. Muulize pia mama yake kuhusu dawa, maana wengi huanguka shuleni kwa sababu vidonge viliisha na nauli ya kwenda kliniki haikupatikana.

Kuhusu kubaki nyumbani, Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 hairuhusu shule kumbagua mtoto kwa sababu ya ulemavu, na "hadi apone" kwa ugonjwa unaotibiwa kwa miaka ni sawa na kumfukuza. Wewe ni mgeni, usibishane na mkuu mbele ya watu. Mshauri mzazi amwombe uamuzi huo kwa maandishi, wenye sahihi na mhuri wa shule. Nimeshuhudia wakuu wengi wakiombwa hivyo, na mhuri huwa umefungiwa kwenye kabati ambayo ufunguo wake haupatikani.